Nyanya zangu za Ndosho zilitaka paa

Mwezi wa kumi na moja mwaka 2022 nilikuwa na miche kumi na minne ya nyanya nyuma ya nyumba, hapa Ndosho, mtaa wa mji wa Goma, mashariki ya Kongo, ilishafika kwenye magoti yangu, majani mazito ya kijani, yale ukiyagusa mkono unabaki na harufu mpaka jioni. Ilikuwa mara ya kwanza napanda kitu maishani mwangu. Jumatatu nikaona doa ku jani moja la chini, doa la kahawia lenye ukingo wa majimaji, kama vile mtu alidondosha hapo mafuta ya taa. Sikushtuka. Mvua ikanyesha Jumatatu usiku, Jumanne mchana, Jumatano usiku kucha. Alhamisi nikageuza lile jani, chini yake kulikuwa na kitu cheupe laini, kama unga wa muhogo uliopulizwa kuzunguka doa, na shina lenyewe lilikuwa na sehemu nyeusi, urefu wa kidole, utasema mtu alipitisha pasi ya moto. Jumapili tunarudi kutoka misa, yote kumi na minne imelala. Matunda yaliyokuwa yamefika ukubwa wa yai yalikuwa na mabaka ya kahawia, magumu, ukikata unakuta ubovu umeingia mpaka kwenye mbegu.

Nilikaa juu ya bidoni nikaangalia tu. Siku sita, basi, kazi ya miezi miwili imekwisha.

Naandika hii kwa wewe unayeanza, uko na parseli ndogo ao huna parseli kabisa, uko na mlango na nafasi ya magunia mawili matatu, na kila mtu anakuambia huku kwetu nyanya hazikubali.

Sisi watu wa Goma tukishindwa kulima tunasema ni mawe. Na mawe yapo kweli. Mji umekaa juu ya kile kilichotoka ndani ya volkano ya Nyiragongo, tarehe 17 mwezi wa kwanza 2002 moto ulipita katikati ya mji mpaka ukaingia ziwani, na watu wakajenga tena juu ya mawe yale yale, msingi ni mawe, kuta za parseli ni mawe, ukipiga jembe linalia tu halafu mkono ndio unaumia. Kwa hiyo mimi akili yangu yote ilikuwa ku udongo. Nilinunua magunia sita ya udongo mweusi, yakaletwa na chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, nikalipa udongo, nikalipa chukudu, nikalipa kijana wa kushusha, halafu nikaongeza mbolea ya ng'ombe, na nyanya zilipokufa jambo la kwanza nililowaza ni kwamba udongo ulikuwa mbaya, nikaanza kuulizia bei ya udongo mwingine.

Yule aliyenizuia ni mama mkubwa, dada ya mama yangu. Alilima nyanya karibu na Kiwanja, mji mdogo wa upande wa Rutshuru, zaidi ya miaka ishirini, na vita ilipofika Rutshuru mwisho wa mwezi wa kumi ule ule wa 2022, akaja kukaa kwetu na mfuko mmoja wa nguo. Alikuwa hajazoea hata mlango wa nyumba yetu. Akatoka nyuma, akaokota shina moja, akalivunja, akalinusa, akaniuliza niliweka nini. Nikamhesabia yote, udongo, mbolea, maji asubuhi, maji jioni.

“Mwanangu, hizi hazikukufa na njaa,” akasema. “Zimekufa na mvua. Nyanya haiogopake majiwe, inaogopaka maji ya juu.”

Nilimbishia. Mvua ndiyo inalisha kila kitu, sombe, yaani kisamvu, inapenda mvua, lenga-lenga, yaani mchicha, inapenda mvua, maharagwe ya jirani yalikuwa yanapanda ukuta. Lakini nilipokuja kusoma na kuuliza agronomu mmoja, mtaalamu wa kilimo, nikakuta mama mkubwa alikuwa ameshamaliza maneno. Ugonjwa wenyewe wanauita mildiu, jina la kisayansi Phytophthora infestans, na ndio ule ule unaoua viazi, ndio ulioozesha mashamba ya viazi ya Ireland kuanzia 1845 mpaka watu kama milioni moja wakafa. Unataka vitu viwili tu: hali ya ubaridi, na jani linalobaki limelowana kwa saa nyingi mfululizo. Sasa angalia Goma. Tuko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, usiku tunajifunika blanketi, mchana jua si kali sana, na ukitoa ule mwezi wa sita mpaka wa nane, na kidogo mwezi wa kwanza na wa pili, mvua haituachi. Ule ugonjwa ukiambiwa uchague mji wa kuishi utachagua huu wetu. Vimbegu vyake vinabebwa na upepo ao vinaruka na matone, kama jirani ana viazi vyenye madoa, zako ziko njiani.

Kule chini Kiwanja kuna joto kuliko hapa, na mama mkubwa alikuwa anapanga miezi yake ili nyanya ziive wakati wa kiangazi. Akahama, akakuta mtoto wa dada yake amepanda nyanya mwezi wa tisa, Goma, chini ya mawingu. Alinihurumia sana siku ile.

Basi tukajenga paa. Na hapa nataka nikae kidogo maana hapa ndipo kazi yote ilipo, mengine yanafuata.

Mara ya kwanza nilikosea tena. Nilichukua hema la plastiki nzito, ile ya buluu isiyopitisha mwanga, kwa sababu ilikuwepo bure. Mvua haikuingia, ni kweli, lakini miche ikawa mirefu, myembamba, ya rangi ya maji, inainama kutafuta mwanga pembeni, maua machache yakadondoka. Inatakiwa plastiki inayopitisha mwanga, ile ukiiweka mbele ya uso unaona mkono wako upande wa pili. Yangu ina urefu wa mita tatu na nusu, upana mita moja na nusu. Miti ya mikalitusi sita, tatu za mbele mita mbili na kidogo, tatu za nyuma mita moja na nusu, ili maji yateremke upande mmoja. Kusimamisha miti juu ya mawe ndiyo shida, huwezi kuchimba, kwa hiyo kila mti nimeuweka ndani ya ndoo iliyovunjika, nikaijaza mawe na simenti kidogo. Pembeni acha wazi. Watu wanaziba pembeni wakidhani wanazifunika vizuri na baridi, kumbe wanafungia unyevu ndani, asubuhi matone yako chini ya plastiki yanadondokea majani na unarudi pale pale ulipotoka. Upepo lazima upite.

Halafu kufunga. Ule upepo unaotangulia mvua unajua kazi yake, ulishaniondolea plastiki mara mbili, ya pili niliikuta juu ya bati la jirani. Sasa nafunga na mpira wa ndani wa gurudumu la pikipiki, naukata vipande virefu, unavutika na kurudi, hauchani plastiki kama kamba ya nailoni. Na maji yanayoteremka ku paa nayakinga ndani ya beseni kubwa, ndiyo ninayomwagilia. Isipokuwa siku mlima unatoa moshi mzito na mvua inashuka nao, hayo simwagii mboga, maana mvua ya namna hiyo ina asidi, majani ya mboga zilizo nje yanatoka vidoa vya kuungua.

Upande wa kuweka: tafuta pale jua la asubuhi linafika mapema, si la jioni. Umande wa usiku unatakiwa ukauke haraka. Zangu zimeegemea ukuta wa mawe, na ukuta huo mchana unashika joto, ukiugusa saa mbili usiku bado ni vuguvugu, napenda sana kuugusa.

Sasa vya kupandia. Gunia la kilo 50 ulikunje mpaka nusu, ao bidoni ya lita 20 uikate kichwa, mche mmoja kila moja, usiwe na tamaa ya miwili. Toboa chini matundu kama kumi ya ukubwa wa kidole kidogo. Udongo nachanganya hivi: mbili za udongo, moja ya mbolea iliyozeeka, moja ya zile changarawe nyepesi za volkano zenye matundu, zimejaa kila kona ya mji. Zile changarawe zinafanya maji yapite na hewa iingie mpaka kwenye mizizi. Miaka mingi tumeyachukia hayo mawe na wakati udongo wa Rutshuru na Masisi tunaousifu ulitoka ku volkano vilevile, tofauti ni muda tu. Mbolea ya ng'ombe iwe imekaa miezi, ikiwa bado inanuka na ina moto itaunguza mizizi. Ya sungura ni rahisi zaidi, haina ule moto. Majivu ya mbabula, lile jiko la makaa, kiganja kimoja kwa gunia, yana potasi na chokaa, lakini kiganja kimoja ni kimoja, usimwage beseni zima.

Mbegu ku duka utakutana zaidi na Roma na Money Maker. Roma inakuwa fupi, inazaa karibu yote kwa pamoja, inafaa magunia na paa la chini. Money Maker inapanda tu, inakupita urefu, inazaa kidogo kidogo kwa muda mrefu na inataka fimbo ya mita mbili. Kwa mtu wa kuanza mimi nasema Roma. Zile pakiti zilizoandikwa F1, yaani chotara, zinazaa sana lakini mbegu utakazotoa ndani ya tunda lake hazitarudisha mama yao, kila msimu unarudi dukani.

Nasia ndani ya trei ya mayai ya katoni, mbegu iingie nusu sentimeta tu, ndani ya juma moja hivi zinachomoza, vijani viwili vyembamba ambavyo si majani ya kweli, majani ya kweli yanakuja baadaye yakiwa na meno. Majuma matano sita, shina likifika unene wa kalamu, nahamisha. Na hapa kuna jambo nililoliona kwa macho yangu ndio nikaliamini.  Ukilizika shina la nyanya, sehemu iliyo chini ya udongo inatoa mizizi pande zote. Mama mkubwa alinyofoa majani ya chini, akauzika mche mpaka karibu na shingo, mimi nikapiga kelele kwamba anaua, akaniambia nyamaza. Baada ya majuma mawili mmoja ulivunjika kwa bahati mbaya, nikauchimbua, shina lote lililokuwa chini lilikuwa na ndevu za mizizi.

Maji ni chini, kila mara chini. Usimwagie kama unaosha gari. Mimi nimezika kando ya kila mche chupa ndogo ya plastiki iliyotobolewa kwa msumari wa moto, natia maji mdomoni mwa chupa, jani halijui kama kuna maji yaliyopita. Mche mkubwa unataka lita moja na nusu mpaka mbili kwa siku ya jua, na kila siku, si leo bidoni nzima halafu siku nne hakuna kitu. Maji ya bomba yalikatika kwetu siku tano, bidoni ikapanda bei, nikazinyima, maji yaliporudi nikazijaza. Juma lililofuata matunda saba yalikuwa na kitako cheusi, kimebonyea, kikavu kama ngozi ya kiatu. Nilidhani ni mildiu imerudi, moyo ukaruka. Sio. Ule si ugonjwa wa kuambukiza, ni kalsiamu inayokosa kufika mwisho wa tunda kwa sababu maji yanakuja na kukatika. Unatoa yale matunda, unarudisha maji ya kila siku, yanayofuata yanatoka mazima.

Kwenye kwapa kati ya jani na shina kunatoka vichipukizi. Kwa Money Maker unavivunja kwa vidole vikiwa bado vidogo, asubuhi kukiwa kukavu ili kidonda kikauke. Kwa Roma usivunje, utakuwa unavunja matunda yako. Kwa zote mbili, nyofoa majani ya chini mpaka karibu na kishada cha kwanza, yale ndiyo yanapokea matope na magonjwa. Na zikitoa maua, saa sita mchana, piga fimbo kidogo kwa kidole, ua la nyanya lina dume na jike ndani yake, linataka tu kutikiswa, na chini ya paa upepo ni mdogo. Watoto wangu wanapenda hiyo kazi kuliko zote.

Kuhusu dawa. Jirani wengi watakuambia nunua ile ya unga wa njano, mankozebu, upulize kila juma. Inazuia, sikatai, lakini inazuia kabla, jani likishashikwa haiponyi, na mvua inaiosha kwa hiyo unarudia na kurudia. Umoja wa Ulaya walikataa kuirudishia ruhusa mwisho wa mwaka 2020 kwa sababu ya afya. Mimi nina watoto wanaochuma nyanya na kula hapo hapo wamesimama. Pesa ya dawa ya misimu miwili inanunua plastiki. Kama wewe utapuliza, basi vaa kitu puani, soma siku za kungoja zilizoandikwa ku pakiti kabla ya kuvuna, na usikubali kupimiwa kwenye sashe isiyo na jina.

Kuna kitu kimoja ambacho paa haliwezi. Mche mzima, wa kijani, bila doa, mchana unanyauka ghafla, usiku kama unaamka, siku ya tatu hauamki tena. Kata shina, lining'inize ndani ya glasi ya maji safi, ungoje dakika chache. Ukiona nyuzi nyeupe kama maziwa zinashuka kutoka pale ulipokata, ni bakteria, iko ndani ya udongo, na haina dawa. Ugonjwa huo ulipata mche mmoja kwangu, mama mkubwa hakunipa nafasi ya kufikiri, akafunga gunia zima na udongo wake akalitoa nje, maana maji yakipita toka gunia moja hadi jingine yanabeba. Ndiyo maana udongo uliozaa nyanya msimu huu nausukumia lenga-lenga ao maharagwe, sirudishi nyanya, wala viazi, pilipili, ao mbilingani, hizo zote ni ndugu wa tumbo moja na magonjwa yanawajua wote.

Msimu ambao yote haya yalikaa pamoja ni ule niliosia mwezi wa kumi 2023. Mvua ilipiga vile vile kama mwaka wa kwanza. Mwezi wa pili 2024 mapigano yakafika Sake, mji mdogo karibu na Goma, barabara ya Minova ikafungwa, ya Rutshuru tulikuwa tumeshaisahau, na ku soko fungu la nyanya nne likawa bei ya fungu mbili, halafu likawa nyanya tatu, halafu mama muuzaji anakata nusu. Wiki zile zile zangu zikaanza kuwa nyekundu. Tulikuwa tunasikia milio ya mbali upande wa Mugunga na mama mkubwa anachuma, anaweka ndani ya kapu bila kusema neno. Magunia kumi. Niliandika mu daftari kila nilichopima, kilo 19 na nusu mpaka mwisho wa msimu. Si nyingi, haziwezi kulisha kartie. Lakini sambaza zetu, wale samaki wadogo wa ziwani, zilipata nyanya kila jioni, na za kumpelekea yule mama jirani wa maharagwe zilipatikana.

Mbegu tunatoa wenyewe siku hizi. Unachagua tunda zuri la mche uliokaa mzima mpaka mwisho, si tunda kubwa tu la mche wowote. Unaliacha liive kupita kiasi, unakamulia mbegu na maji yake ndani ya glasi, siku mbili tatu, juu kunatoka ukungu na harufu mbaya, mke wangu hataki glasi hiyo jikoni na ana haki. Ule uozo mdogo unatoa utelezi unaozunguka mbegu. Kisha unaosha, zile nzuri zinazama, tupu zinaelea unazimwaga, unakausha kivulini juu ya sahani, si juu ya karatasi, zitashikamana.

Za mwisho tulizigawa mbili. Mama mkubwa aliniomba nikunje zake ndani ya karatasi ya daftari na niandike juu yake “Kiwanja”, akaziweka chini ya ule mfuko wa nguo aliokuja nao. Zangu ziko ndani ya chupa ndogo yenye kifuniko, trei ya mayai iko tayari, na jana jioni tumefunga plastiki mpya.